Meli, Kisiwa na Aliyebaki Ufukweni: Maandishi ya Safari za Hifadhi Yakisomwa Kutoka Busale

Miongoni mwa tanzu ambazo uhakiki wa Kiswahili haujazitupia jicho la kutosha ni maandishi ya safari za meli za hifadhi. Ni maandishi mengi kuliko inavyodhaniwa. Kuna vijitabu vya matangazo vinavyogawiwa na mawakala wa utalii, ratiba zinazobandikwa melini kila asubuhi, mihadhara ya jioni ya waongozaji wageni, na shajara za abiria ambazo baadaye huwa vitabu. Nyuma ya hayo yote vimesimama vitabu vya wanasayansi wenyewe, ambavyo ndivyo mama wa utanzu huu. Kisa kinachosimuliwa hakibadiliki sana. Meli ndogo inakwenda kwenye visiwa vya volkano vilivyo mbali. Abiria wanashuka kwa zamu. Wanawatazama ndege na kobe wasiomwogopa binadamu. Hawaokoti hata jiwe. Wanarudi melini kabla ya jua kuchwa, na asubuhi meli imeshatia nanga kisiwa kingine.

Wapo watakaouliza maandishi ya biashara yana nini cha kuhakikiwa. Yanacho. Yana msimulizi, yana wahusika, yana mandhari yaliyochaguliwa na mengine yaliyoachwa, na yana maneno ambayo hurudi na kurudi mpaka yakawa kama vina: "mbali", "bikira", "pasipoguswa". Neno "mbali" ndilo lenye uzito kuliko yote, maana halina maana mpaka lijulikane linapimwa kutoka wapi.

Msomaji aliyekaa Busale, wilayani Kyela, ana kila sababu ya kulitazama neno hilo kwa makini. Kaskazini yake kuna volkano. Rungwe inapanda kufikia karibu meta 2,960, na jirani yake Kyejo ilimwaga lava kwa mara ya mwisho yapata mwaka 1800, yaani si zamani sana kwa kipimo cha milima. Kusini yake kuna Ziwa Nyasa, refu la zaidi ya kilometa 500, lenye kina kinachofikia meta 700. Lakini mambo haya mawili, volkano na maji, hapa hayakukutana kama kijitabu kinavyotaka. Volkano zimebaki nchi kavu, na Likoma na Chizumulu, visiwa vya ziwa hilo vinavyojulikana zaidi, ni vya miamba ya kale isiyotokana na lava. Hata moshi unaoonekana juu ya maji siku nyingine si wa volkano. Ni makundi ya nzi wadogo wa ziwani wanaopanda kwa wingi usiohesabika, wakasimama angani kama nguzo. Livingstone aliwaona akawafananisha na moshi, na akaeleza jinsi watu wa ufukweni walivyowakusanya na kuwapika mkate. Mgeni huuona moshi kwanza, naye mwenyeji kwake ni chakula. Tofauti hiyo ya macho ndiyo inayostahili kufuatwa katika utanzu mzima.

Mzizi wa utanzu uko Galápagos. Charles Darwin alifika huko Septemba 1835 katika meli Beagle, akakaa kiasi cha wiki tano, na kitabu chake cha safari kilichapwa mara ya kwanza mwaka 1839. Kila mwongozaji wa meli za leo humtaja. Kila kijitabu humfanya shujaa aliyeviona visiwa na, kwa kuviona tu, akaifahamu siri ya uhai. Ajabu ni kwamba kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Darwin anakiri, na katika toleo la 1845 anakiri waziwazi, kwamba aliyemfungua macho alikuwa mkaazi: Lawson, kaimu gavana wa koloni dogo lililokuwapo huko, aliyemwambia kwamba kobe wa kila kisiwa wana umbo lao, na kwamba yeye akiletewa kobe anaweza kusema katoka kisiwa gani. Darwin hakulizingatia neno hilo mara moja. Alikuwa ameshachanganya sehemu ya vielelezo vya visiwa viwili, na baadaye akajuta.

Kwa mhakiki, hiki ndicho kifungu kikubwa cha kitabu. Ndani yake meli inakosea na mtu wa kisiwani anasahihisha. Elimu ya Lawson ilitoka katika maisha ya kila siku, na maisha hayo hayakuwa ya uhifadhi hata kidogo: kobe walikuwa nyama, na kobe wa kisiwa hicho hicho cha Floreana walitoweka miongo michache baadaye. Hapana haja ya kumpamba mwenyeji. Hata hivyo alijua, na mwandishi akawa mwaminifu kiasi cha kuandika kwamba alijua. Utanzu uliozaliwa na kitabu hiki uliurithi umaarufu wa Darwin, lakini ungamo lake haukulirithi.

Safari za meli za abiria wa namna hii zilianza huko katika miaka ya 1960, Lars-Eric Lindblad akiwa miongoni mwa waasisi wake. Meli yake Lindblad Explorer ilishushwa majini mwaka 1969, na miaka mingi baadaye, Novemba 2007, ikiwa na jina la Explorer na wenyewe wengine, ilizama karibu na Antaktika. Ni haki kusema kwamba pamoja na meli hizo ilikuja nidhamu ya kweli. Abiria wa Galápagos huenda na mwongozaji aliyeidhinishwa, wasiozidi 16 kwa kila mmoja; hutakiwa kukaa meta mbili mbali na mnyama; hawatoki katika njia iliyowekwa. Mwenye kusoma ratiba za meli hizo kwa jicho la ushairi ataona kwamba sehemu nzuri kuliko zote ni hizi za makatazo. Ni lugha fupi isiyojigamba, na inamweka msomaji mahali pake kama mgeni. Laiti vijitabu vyote vingeandikwa kwa sauti hiyo! Lakini ukifungua ukurasa wa mbele unakuta sauti nyingine, ya mtu anayeingia nyumba isiyo na mwenyewe. Visiwa hivyo vina wakaazi wanaohesabika kwa makumi ya maelfu, wenye shule, bandari na ugomvi wao juu ya uvuvi. Katika vijitabu hao hupata sura moja ya mwisho, iitwayo "utamaduni", na mara nyingi hupewa kuuza vinyago.

Kwa Waswahili, visiwa vya volkano vilivyo karibu zaidi ni Komoro, na huko ndiko kulikotokea kisa ambacho utanzu huu unakipenda kuliko chochote katika bahari yetu. Mwaka 1938 samaki wa ajabu, silakanti, alivuliwa Afrika Kusini. Wataalamu walikuwa wakiamini kwamba jamaa yake yote ilikwisha duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Mtaalamu J.L.B. Smith akamtafuta wa pili kwa miaka 14. Alichapisha tangazo lenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100, likasambazwa katika pwani ya Afrika Mashariki na visiwani. Desemba 1952 mvuvi wa Nzwani, Ahamadi Abdallah, alimvua samaki huyo karibu na Domoni. Sokoni mwalimu mmoja akamtambua kwa lile tangazo, na samaki akapitishwa milimani mpaka Mutsamudu, kwa nahodha Eric Hunt. Smith akapewa ndege ya jeshi na waziri mkuu wa Afrika Kusini, akaruka kwenda kumchukua.

Kitabu cha Smith, *Old Fourlegs*, kilitoka mwaka 1956. Ni kitabu kinachosomeka vizuri mno. Mwandishi anajua kumning'iniza msomaji, na kurasa za ndege na hofu ya kuchelewa zina mapigo ya tamthilia. Lakini ukikisoma kutoka upande wa Domoni unaona pengo katikati yake. Wavuvi wa Komoro walimfahamu samaki huyo, na walikuwa na jina lake, gombessa. Walijua kina anachokaa na kwamba hashiki chambo mara nyingi. Husimuliwa hata kwamba magamba yake makavu yalitumika kukwaruza mipira ya baiskeli kabla ya kubandika kiraka. Kwa hiyo miaka 14 ya kutafuta ilikuwa, kwa sehemu fulani, miaka ya kutouliza. Lile tangazo lenyewe liliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, lugha tatu za serikali. Hapakuwa na Kikomoro, wala Kiswahili ambacho wavuvi wa pwani yote hiyo wangelisomewa wakakielewa. Barua iliandikwa kwa anayejua katika lugha asiyoijua, na bado ikamfikia, kwa sababu tu mwalimu alikuwapo sokoni.

Kisha likaja suala la jina. Smith alimwita samaki wa Nzwani *Malania*, kwa heshima ya Malan, waziri mkuu aliyetoa ndege, ambaye ndiye aliyeuingiza ubaguzi wa rangi katika sheria za nchi yake. Baadaye wataalamu walikubaliana kwamba samaki huyo ni wa aina ile ile ya yule wa 1938, na jina la Malan likafutika. Gombessa limebaki midomoni mwa wavuvi kama lilivyokuwa. Mshairi angekitungia kisa hiki tenzi. Smith, ambaye alikuwa na kila kitu cha kukitungia, hakuona kwamba kuna kisa.

Sasa turudi Kyela, maana huko mambo yamegeuka kwa namna ambayo kijitabu hakikuitazamia. Imesemwa kwamba volkano za Rungwe hazikuzaa visiwa. Zilizaa kinyume chake. Kuanzia nyanda za juu kushuka hadi tambarare ya Kyela kuna maziwa madogo ya kasoko: Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, na Itamba, Ilamba, Kingiri na mengineyo. Kila moja ni duara la maji lililozungukwa na ukingo wa ardhi. Kwa samaki aliyemo, ziwa kama hilo ni kisiwa hasa: hawezi kutoka, na wa nje hawezi kuingia kwa urahisi. Masoko lina upana wa kiasi cha meta 700 tu. Ndani yake jamii moja ya samaki wa ukoo wa perege imo katika kugawanyika mara mbili: wa maji ya kando, madume yao yakiwa na rangi ya manjano, na wa kilindini, madume yao yakiwa ya buluu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida *Science*, ambao miongoni mwa waandishi wake alikuwamo mtaalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ulikadiria kwamba mgawanyiko huo umetokea ndani ya miaka 1,000 hivi iliyopita. Watafiti walipotafuta neno la kuziita zile sehemu chache za jenomu ambamo makundi hayo mawili yametofautiana zaidi, waliziita "visiwa". Hawakuepuka taswira hiyo hata ndani ya chembechembe za damu.

Kwa maneno mengine, kile ambacho abiria hulipa maelfu ya dola kwenda kukiona Galápagos, yaani uhai ukibadilika mahali palipofungwa, kinatendeka katika bwawa ambalo mtoto wa Masoko huteka maji. Lakini Masoko lina kisa chake kingine, na wenyeji hukisimulia kwanza. Inasemekana kwamba Wajerumani, waliokuwa na boma hapo, waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza walitupa ziwani fedha na silaha zao zisichukuliwe na Waingereza. Watu huulizana kama hazina hiyo imo. Mwongozaji wa kawaida angekiita kisa hicho hekaya ya kuburudisha, kisha akageukia samaki. Angekosea. Visa vyote viwili vinahusu kitu chenye thamani kilichomo chini ya maji ambacho aliyekuja kutoka mbali ndiye anayedhaniwa kukijua. Kimoja kinasema mgeni alikiacha, na kingine kinasema mgeni alikigundua. Mkaazi wa ukingo wa kasoko anaishi kati ya visa hivyo viwili na katika vyote ni msikilizaji.

Ziwa Nyasa lenyewe limekwisha kuonja utanzu huu. Upande wa Malawi, Mbuga ya Taifa ya Ziwa Malawi iliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1984 kwa ajili ya samaki wake. Samaki wa miamba wa ziwa hilo wanafugwa katika matangi ya kioo Ulaya na Marekani, na wafugaji huko huwaita *mbuna*. Wengi wao hawajui kwamba neno hilo ni la Kitonga, lugha ya wavuvi wa ufuko wa magharibi. Wataalamu walilipokea, wakaliandika vitabuni katika karne ya 20, na leo limeenea duniani kuliko watu waliolizaa. Hata jina la ziwa lina mkasa wa namna hiyo, kwani "nyasa" katika lugha za huko ni ziwa lenyewe, maji mengi. Mgeni aliuliza hili ni nini akajibiwa, naye akaandika jibu kama jina. Kwa hiyo kila asemaye "Ziwa Nyasa" anasema ziwa mara mbili, na mara ya kwanza kwa Kiswahili. Huo si wizi, lakini ni ushahidi wa namna maneno yanavyopanda meli bila wenyewe.

Upande wa Kyela meli zimekuwa na kazi nyingine. Kutoka bandari ya Itungi zilisafiri MV Songea na MV Iringa kwa miaka mingi, zikifuata ufuko chini ya milima ya Livingstone kwenda Mbamba Bay, na baadaye ikaja MV Mbeya II, ya abiria 200. Abiria wa meli hizi ni wafanyabiashara, wagonjwa, wanafunzi na wenye misiba, na hakuna anayewaandikia ratiba ya mandhari. Karibu zaidi na ufuko upo mtumbwi wa Wakisi wa Ikombe, ambao wanawake wao hufinyanga vyungu na kuvipeleka Matema kwa maji, kisha vikapakiwa magari kwenda sokoni. Mtumbwi ule umejaa vyungu kwa mpangilio ambao hauruhusu kosa hata moja la pigo la kafi. Ikiwa kuna safari katika ziwa hilo inayostahili kusimuliwa kwa undani ambao Smith aliipa ndege yake, ni hiyo.

Wanaotamani meli za hifadhi zije Nyasa wana hoja yenye nguvu. Samaki wa ziwa hilo ni zaidi ya spishi 500, na wengi hawapatikani penginepo duniani. Fedha za wageni zaweza kulinda kitu. Na visiwani kwetu wenyewe kuna mfano usiopaswa kudharauliwa: Chumbe, kisiwa cha matumbawe karibu na Unguja, ambako miamba ilihifadhiwa rasmi mwaka 1994 na waliokuwa wavuvi wakafundishwa kuwa walinzi na waelezaji wa miamba hiyo. Kwa jicho la uhakiki, jambo la maana pale ni kwamba msimulizi alibadilishwa. Anayemwambia mgeni habari za tumbawe ni mtu aliyewahi kupiga nanga juu yake.

Ubaya wa maandishi ya safari za hifadhi, basi, hauko katika kuwatetea wanyama. Uko katika nafsi inayosema. Utanzu umeitwaa nafsi ya meli: inafika, inatazama, inaondoka, na kila iliyokiacha kinakuwa "mbali". Nafsi hiyo haiwezi kusimulia mambo yanayotaka kungoja. Mbasa, samaki mkubwa anayeheshimiwa mezani kote Kyela, ndiye kipimo kizuri. Huyu hakai katika mwamba akingoja kupigwa picha. Huishi ziwani, na wakati wa kutaga huuacha upana wote huo akapanda mito. Kwa hiyo uhai wake unategemea nyavu za mlangoni mwa mto na mashamba ya kandokando, kakao na mpunga, na udongo unaoporomoka kutoka vilima vya juu. Yaani unategemea watu wa Busale na jirani zao kuliko unavyotegemea meli yoyote. Kumhifadhi mbasa ni kuzungumza na mkulima juu ya ukingo wa mto. Hakuna kijitabu chenye ukurasa wa mazungumzo hayo, kwa sababu hayana mandhari.

Masika yakifika, Kyela, ambayo ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi mno nchini, hufunikwa na mawingu mpaka milima ya Livingstone isionekane. Kiwira na Mbaka hufurika, maji yakawa mekundu kwa tope, na barabara za tambarare hukatika. Hakuna mwongozaji ambaye angewashusha abiria 16 mahali hapo siku kama hiyo. Mlangoni mwa mto, chini ya mvua, wavuvi husimama na kutazama rangi ya maji, kwani kwa rangi hiyo hujua kama mbasa ameanza kupanda.